Ligi za Pikipiki Barabarani: Nani Anaingia Kesini?

Kaa kijiweni pale Chanika au stendi ya Korogwe, uulize vijana wa boda: ukikamatwa unafanya ligi na pikipiki, adhabu yake nini? Jibu utapewa kabla hujamaliza swali. "Msimbazi mmoja tu, mwanangu." Yaani elfu kumi. Na hawajalitoa hewani. Bajeti ya 2021/22 ilishusha faini ya papo kwa papo ya bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na kuanzia hapo vijana wengi sheria ya barabarani wanaijua kwa bei. Kwa mwanafunzi hiyo haifiki hata vocha ya mwezi. Boom ikitoka unailipa huku unacheka.

Tatizo ni kwamba ile elfu kumi ni bei ya kosa ulilokamatwa nalo wakati kila mtu bado ni mzima. Akilala mtu chini, hiyo bei haipo tena, na mnaoulizwa si waliokuwa wameshika usukani peke yao. Hilo la pili ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu siku moja nilikuwepo, na sikuwa nimeshika usukani.

Kwetu ni Kwaluguru. Kwa asiyezijua Handeni na Korogwe: zamani safari kati ya miji hii miwili ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na abiria alishuka akiwa mwekundu mpaka kope. Ikaja lami. Kilomita 65 kutoka Korogwe mpaka Handeni, na nyingine 54 kutoka Handeni kuteremka Mkata, inapokutana na barabara kuu ya Chalinze na Segera. Lami imetuletea mengi mazuri, mgonjwa anawahi, mahindi na machungwa yanafika sokoni hayajaharibika. Lakini lami iliyonyooka, isiyo na magari mengi, na vijana wenye pikipiki, ukiviweka pamoja siku ya sikukuu unapata ligi. Hakuna anayeitangaza. Mtu anasema tu, "Hii Boxer yangu haiwezi kuachwa na hicho kimeo chako," basi.

Ilikuwa Idd pili, mimi niko likizo baada ya kumaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo. Tulikwenda watu kumi na kitu kwenye kipande kimoja kilichonyooka. Wawili ndio wangekimbia. Walichangiwa hela, elfu mbili mbili, mshindi achukue zote. Wawili wengine walitangulia mbele kuangalia kama kuna gari linakuja. Mmoja alikuwa anarekodi. Mimi nilipewa kazi ya kuangusha kofia. Kofia ikigusa lami, wanaondoka. Niliifurahia sana kazi ile, nisiwadanganye.

Waliotangulia waliangalia magari. Baiskeli hawakuiangalia. Mzee mmoja alitokea njia ya pembeni akisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, na wanaozijua baiskeli za mkaa wanaelewa kwamba ile haigeuzwi ghafla wala hairudishwi nyuma. Pikipiki ya kwanza ilimpita. Ya pili ikamkuta. Mzee alivunjika paja. Dereva, ambaye tulicheza naye tangu chandimu, alivunjika mtulinga na kupoteza meno ya mbele. Hakuna aliyekufa, na hiyo ilikuwa bahati tu. Dereva wa pikipiki ya kwanza alisimama mbele kabisa, akageuka, akarudi akiwa analia, anarudia neno moja: "Mimi sijamgusa. Mimi sijamgusa."

Nimelibeba swali lile mpaka chuo. Sasa niko mwaka wa tatu, nasoma sheria, na nitajaribu kulijibu hapa kadiri ninavyoweza. Lakini kwanza tuongelee mwendo, kwa sababu kila ligi inaanza na mtu kuamini kwamba breki zitamuokoa.

Pikipiki ya kilomita 50 kwa saa inatembea karibu mita 14 kila sekunde. Ya kilomita 100, karibu mita 28. Ubongo wa binadamu mzima, asiyelewa, unahitaji kama sekunde moja na nusu kuona kitu, kukitambua na kuamuru mkono ushike breki. Katika muda huo, kwa mwendo wa 100, umeshatembea mita 42 hujafanya lolote. Ndipo breki zinaanza kazi, na kwenye lami kavu, matairi mazuri na breki nzuri, utahitaji mita 55 hivi nyingine. Jumla ni karibu urefu wa uwanja wa mpira. Kwa mwendo wa 50 jumla ni mita 35 tu. Mwendo umezidishwa mara mbili, lakini umbali wa kusimama umekaribia mara tatu, na nguvu ya kugonga imezidi mara nne. Hapo nimekuhesabia breki nzuri. Pikipiki zetu nyingi zina breki za ngoma, zimebeba mishikaki kwa miaka, na tairi la nyuma limekuwa kipara.

Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia moja, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia nne hivi. Linasema pia kofia ngumu iliyofungwa vizuri inapunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Neno ni iliyofungwa. Ile inayoning'inia kwenye kiwiko au kwenye kioo cha pikipiki haijapunguzia mtu kitu. Siku ile yetu kofia ngumu ilikuwepo moja, na ndiyo niliyoiangusha mimi.

Sasa sheria. Iliyo kubwa ni Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973 na kurekebishwa mara kadhaa. Ndani yake kuna mwisho wa mwendo, kilomita 50 kwa saa maeneo ya makazi, na 80 kwa mabasi na malori ya zaidi ya tani tatu na nusu. Kuna kosa la kuendesha bila uangalifu. Kuna kosa la kuendesha kwa hatari, ambalo ni zito zaidi. Na kuna kusababisha majeraha au kifo kwa uendeshaji wa namna hiyo, ambapo jela inaingia na mahakama ina nguvu ya kukufutia leseni. Hakimu hahitaji kusubiri mtu athibitishe kwamba mlikuwa na ligi rasmi yenye mwamuzi. Pikipiki mbili zikiwa sambamba, moja upande wa wanaokuja, mwendo wa 100, huo ni uendeshaji wa hatari hata kama nyote wawili mtaapa kwamba mlikuwa mnawahi msibani.

Nyuma ya sheria hiyo imesimama nyingine ambayo watu wa boda hawaihesabu kabisa: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kifungu cha 233 kinamhusu anayeendesha chombo kwenye njia ya umma kwa pupa au uzembe kiasi cha kuhatarisha uhai wa mtu. Soma tena: kuhatarisha. Si lazima mtu aumie. Halafu kuna kifungu cha 195, kuua bila kukusudia. Adhabu yake iko kifungu cha 198, na ukomo wake ni kifungo cha maisha. Kweli, vifo vingi vya barabarani hushtakiwa kwa sheria ya usalama barabarani, ambayo adhabu yake ni ndogo kuliko hiyo. Lakini anayechagua hati ya mashtaka ni mwendesha mashtaka, si wewe, na kadiri ushahidi unavyoonyesha kwamba mlipanga, mkachangishana hela na mkaweka walinzi, ndivyo neno "ajali" linavyozidi kuwa gumu kutamkika.

Turudi kwa yule wa pikipiki ya kwanza. "Mimi sijamgusa." Kifungu cha 23 cha Kanuni ya Adhabu kinasema hivi, kwa maneno yangu: watu wawili au zaidi wakiwa na nia ya pamoja ya kufanya jambo lisilo halali, na katika kulifanya likatokea kosa jingine ambalo lilikuwa linaweza kutarajiwa, basi kila mmoja anahesabiwa amelitenda. Ligi ya pikipiki ni nia ya pamoja kwa maana yake halisi, kwani huwezi kushindana peke yako. Yule wa pili asingekuwa anakimbia vile kama wa kwanza hayupo. Uingereza walishalipitia hili. Katika kesi ya miaka ya 1990 inayofahamika kwa jina la Kimsey, marafiki wawili walikuwa wanakimbizana kwa magari, mmoja akashindwa kulimudu gari akafa. Aliyebaki hai alitiwa hatiani kwa kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, na rufaa yake ikagonga mwamba. Upande wa mashtaka haukulazimika kuthibitisha kwamba magari yaligusana. Uamuzi wa Uingereza haumfungi hakimu wa Korogwe, lakini wakili anaweza kuusoma mahakamani na ukasikilizwa, kwa sababu mizizi ya sheria yetu ya jinai imetoka huko.

Na aliyeangusha kofia je? Kifungu cha 22. Kinamhesabu kama mtenda kosa yule anayetenda, na pia anayewezesha, anayesaidia, anayeshawishi au kumtuma mwingine atende. Nilikisoma kifungu hiki maktaba, mwaka wa kwanza, nikafunga kitabu nikatoka nje. Waliotangulia kuzuia barabara wamesaidia. Waliochanga wameshawishi. Mimi niliyetoa ishara, sina hata pa kujificha. Kuhusu anayetazama tu mahakama hazikurupuki, kusimama pembeni peke yake si kosa. Lakini mwenye kurekodi ajue kwamba simu yake ndiyo kielelezo cha kwanza. Ile video uliyorusha status ukiandika "wana tunatisha" ina sura, sauti, namba za pikipiki na saa. Polisi hawana haja ya kutafuta shahidi mwingine.

Zile elfu mbili mbili nazo zina mwenyewe. Kuchezesha mchezo wa pesa bila leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ni kosa linalojitegemea. Hilo nalipita haraka, kwani ukishafika kwenye kesi ya kifo, la kamari ni chumvi tu.

Kusimama pembeni kuna hatari yake isiyo ya kimahakama. Januari 13, 2025, eneo la Chang'ombe, Segera, wilaya yetu hii ya Handeni, watu walikusanyika usiku kwenye ajali iliyokuwa imeshatokea. Lori likawafuata pale pale. Walikufa 11 na wengine 13 wakajeruhiwa. Ile haikuwa ligi. Naitaja kwa sababu watazamaji wa ligi wanasimama vile vile, kwenye bega la barabara, wamejipanga, macho yote upande mmoja. Na Februari 2023, kule Magila Gereza wilaya ya Korogwe, Coaster iliyobeba jeneza na waombolezaji kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro iligongana na Fuso. Taarifa za siku ile zilisema waliokufa ni 17, na kilichotajwa ni jaribio la kulipita gari lililo mbele. Hiyo nayo haikuwa ligi. Lakini kila ligi ni kitendo hicho hicho cha kupita, kinachofanywa makusudi, kilomita nzima.

Kuna watakaosema mbona mabasi yanafanya ligi kila siku. Ni kweli, aliyepanda basi la Arusha au Moshi anajua, abiria wenyewe ndio wanaopiga kelele "kanyaga dereva, asitupite huyo!" Ndiyo maana LATRA wamefunga kwenye mabasi mfumo wa VTS unaotuma mwendo wa basi ofisini kwao. Lakini niseme, na abiria anayeshangilia arudi akakisome kifungu cha 22.

Tuje kwenye hela, maana hapa ndipo familia zinapovunjikia. Pikipiki nyingi za kwetu ni za mkataba: tajiri ananunua, kijana anapeleka hesabu mpaka deni liishe, chombo kinakuwa chake. Pikipiki ikigonga mtu inakuwa kielelezo. Inakaa kituoni, mvua yake, jua lake, mpaka kesi iishe, na hesabu ya tajiri haisimami kwa sababu wewe umesimama. Kama pikipiki uliazima kwa mjomba au kaka likizoni, mwenye jina kwenye kadi ataitwa, na anaweza kuunganishwa kwenye madai ya fidia. Majeruhi ana haki ya kudai, na akifa, wategemezi wake wanayo haki hiyo. Kesi ya madai haizuiwi na kwamba umeshafungwa au umelipa faini.

"Bima ipo." Ipo, sheria inailazimisha, Sura ya 169, ile ya kuwalinda watu wa tatu. Ila tafuta siku moja mkataba wenyewe, siyo stika, uusome. Kwenye mambo yasiyolipiwa utakuta mashindano ya mwendo yameandikwa, karibu kila kampuni. Kwa hiyo meno yako na pikipiki ya mjomba ni juu yako, na hata pale bima inapomlipa aliyegongwa, inaweza kukugeukia wewe uirudishie.

Sisi siku ile tulimalizana kimila. Wazee walikaa, upande wetu ukaomba radhi, matibabu yakachangwa, ikaonekana yameisha. Simkosoi mzee yeyote aliyekaa pale, walituokoa, na upatanisho ni kitu kizuri. Nasema tu kwamba kisheria hayakuwa yameisha. Kosa la jinai ni kati yako na Jamhuri, na mgonjwa hana uwezo wa kulifuta kwa kupokea hela. Sheria inamtaka dereva asimame, amsaidie aliyeumia, na atoe taarifa polisi. Anayekimbia ameongeza kosa juu ya kosa. Mnaofikiri kumpeleka majeruhi hospitali "kimya kimya" ni ujanja, daktari akiona jeraha la ajali ataulizia PF3, na PF3 inatoka kituoni. Kwa aliyeumia vibaya, zile dakika mnazojadiliana nani apige simu ndizo zenye thamani kuliko zote. Namba ni 112. Na msimnyanyue kwa kumkunja mkamweka katikati ya watu wawili juu ya pikipiki, kama ana mfupa wa shingo au mgongo uliovunjika mtammaliza nyinyi.

Kwa sisi wa chuo kuna la ziada. Kozi nyingi zinaishia kwenye kazi zinazoomba cheti cha polisi, kile cha alama za vidole. Ualimu, benki, jeshi, uuguzi, uwakili. Atakayekuwa na hatia ya kusababisha kifo ataieleza kila anapokwenda kuomba kazi, na mkopo wa Bodi utaendelea kumdai kama wengine.

Anayependa mbio za kweli hajanyimwa. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwenye barabara hizi hizi za Kenya, Uganda na Tanganyika, na Tanzania mashindano ya rali na motokrosi yapo mpaka leo, yenye kibali, njia iliyofungwa, gari la wagonjwa na kofia zinazofungwa kidevuni. Ni ghali, najua, na kijana wa Kwaluguru kuyafikia si jambo dogo. Serikali yetu ya wanafunzi inayoandaa bonanza kila mwaka ingeweza kuuliza gharama za siku moja ya motokrosi uwanjani. Nimeshaliandikia wazo hilo kwa waziri wa michezo. Bado hajajibu.

Mzee wa mkaa nilimwona Desemba iliyopita. Anatembea na fimbo, mkaa ameacha, anauza ndizi kwenye meza mbele ya nyumba yake. Nilimsalimia, "Shikamoo babu," akaitikia vizuri, akaniuliza nasoma nini huko chuoni. Nikamwambia sheria. Akasema ni jambo jema, halafu akanichagulia ndizi zilizoiva. Mdogo wangu tuliyekuwa naye aliniuliza njiani mzee yule alipatwa na nini mguuni, nikamhadithia yote, pamoja na kofia. Yeye sasa ana miaka 17, na kaka yetu ameshaanza kumfundisha pikipiki.